Reggie Watts: Bendi nzima ndani ya mkoba mmoja

Anapanda jukwaani peke yake. Hana mpiga ngoma, hana mpiga gitaa, wala karatasi yenye maneno ya kusema. Mbele yake kuna meza ndogo, kipaza sauti na kisanduku chenye vitufe. Anapiga mdundo kwa mdomo, anabonyeza kitufe, na mdundo unaendelea kujirudia. Anaongeza besi kwa koo, kisha sauti ya juu, kisha kiitikio. Baada ya muda mfupi ukumbi unasikia bendi nzima, ilhali mtu ni mmoja.

Huyo ni Reggie Watts, mwanamuziki na mchekeshaji wa Marekani anayetunga vichekesho na nyimbo zake papo kwa papo, mbele ya watu.

Watts alizaliwa mwaka 1972 mjini Stuttgart, Ujerumani. Mama yake alikuwa Mfaransa. Baba yake alikuwa mwanajeshi, Mmarekani mweusi. Alikulia Great Falls, katika jimbo la Montana, akajifunza piano na fidla, kisha akahamia Seattle. Huko aliimba katika bendi iliyoitwa Maktub, neno la Kiarabu lenye maana ya "imeandikwa". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: neno hilo lina shina moja na kitabu, maktaba na mkataba.

Hata hivyo, jina la Watts lilivuma kwa kazi isiyoandikwa popote.

Silaha yake nyingine ni lafudhi. Katika mkutano wa TED uliofanyika Long Beach, California, mwaka 2012, alihama kutoka lafudhi moja hadi nyingine, akachanganya na maneno yasiyo ya lugha yoyote. Huzungumza kwa uzito wa profesa, msikilizaji akaanza kuafiki, kabla ya kugundua kwamba hakuna kilichosemwa. Aliyewahi kupanga foleni Namanga au Rusumo anaielewa hali hiyo: mtu huaminiwa au hutiliwa shaka kwa lafudhi yake kabla hajamaliza kueleza amebeba nini.

Lakini kisanduku kile hakina huruma. Hurudia kila kilichonaswa, kizuri na kibaya. Mdundo ukienda upogo, kosa hilo hurudi kila baada ya sekunde chache mbele ya watu waliolipa kiingilio. Msanii ana njia mbili tu: alifute na kuanza upya, au ajenge wimbo juu yake mpaka lionekane lilikusudiwa. Na watu wasipocheka, hana kichekesho cha akiba kilichoandikwa pembeni.

Hatari hiyo haikuwafukuza wenye fedha. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2023, Watts aliongoza bendi ya kipindi cha usiku cha James Corden katika televisheni ya CBS, ambako pia aliwauliza wageni maswali ya ajabu wasiyoyatarajia. Mwaka 2016, Netflix ilirusha onyesho lake la Spatial.

Nyimbo nyingi za jukwaani, hata hivyo, hazihifadhiwi. Onyesho likiisha, anabonyeza kitufe na sauti zote zinanyamaza. Kilichopendwa leo hakirudi kesho. Katika mji unaofuata anapanga tena meza yake, kisanduku kikiwa kitupu, na kusikiliza kwanza ukumbi umekaaje.