Leseni Si Mwisho wa Mafunzo

Mtu apatapo leseni ya kurusha ndege kwa burudani yake, hudhani amekwisha kuhitimu. Sisi tuliopita katika vyuo vya kijeshi twaijua furaha hiyo, na hatari yake twaijua pia.

Nchini Marekani leseni hiyo huhitaji saa 40 za kuruka, kwa uchache. Baada yake njia ni nyingi: wako wapendao sarakasi za angani, na wako watakao kutua majini. Hayo ni mema, lakini rubani na ajiulize kwanza: ni adui gani nisiyeweza kumkabili?

Kwa wengi adui huyo ni wingu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasiozoea kuongoza ndege kwa kutazama vyombo peke yake. Wote walishindwa kuimudu, kwa wastani wa sekunde 178. Asiyeona upeo hudanganywa na mwili wake; ndege imeinama, naye huhisi imenyooka.

Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, ambaye mafunzo yake ya vyombo hayajakamilika, aliruka usiku wenye utusitusi kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Ndege ilianguka baharini, akafa pamoja na mkewe na shemeji yake.

Kwa hiyo, ndugu askari, tuchaguapo zoezi lijalo, tusitafute lile litakalotupatia sifa. Tuanze na lile linalofichua udhaifu wetu, maana abiria wetu hawakuchagua udhaifu huo.