Kutoka KikoRomeo Hadi Kaloleni: Nguo Yenye Asili Yake, na Arbuni Inayomlinda Fundi

Umewahi kuvaa nguo uliyoshonesha, watu wakakuuliza njiani, "Hiyo umeitoa wapi?" Raha yake unaijua. Leo tunazungumza na wewe unayeshona na wewe unayeshonesha, maana pesa zenu zinapita kwenye simu hizo hizo.

Tuanze na duka moja la Nairobi. KikoRomeo ilianzishwa mwaka 1996 na Ann McCreath, mbunifu mzaliwa wa Scotland aliyeifanya Kenya nyumbani kwake. Jina lenyewe ni Kiswahili chetu: kikoromeo, kile kifundo cha kooni. Duka halikutaka kushindana na mitumba kwa bei, na hapo ndipo akili yake ilipo. Lilishika pamba iliyofumwa kwa mkono, vitambaa vya Afrika na mishono ya kisasa, likatoa nguo chache zilizoshonwa vizuri badala ya marobota ya nguo zinazofanana. Nyingine zilichorwa kwa mkono na msanii Msudani, El Tayeb Dawelbait, kwa hiyo shati lako halina pacha. Siku hizi binti yake, Iona McCreath, ndiye anayeongoza ubunifu. Kwa maneno yetu sisi, wazo lao ni hili: nguo ijulikane ilikotoka, tena idumu.

Tuseme ukweli, bei za maduka kama hayo si za kila mfuko. Lakini wazo halina bei, na Kaloleni imekaa nalo kabla ya duka lolote la Nairobi kufunguliwa.

Angalia hando. Ile sketi ya akina mama wa Kigiriama ni kazi ya ufundi hasa: kitambaa cha pamba, mara nyingi cheupe, hukatwa vipande, vikakunjwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka mpaka nyonga zikajaa na mwendo ukabadilika. Hando moja hula kitambaa kingi na saa nyingi. Ukitazama picha na michoro ya Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, utaiona. Siku hizi inaonekana zaidi kwenye ngoma na sherehe kuliko sokoni siku ya kawaida. Hilo linatutia wasiwasi kidogo. Vazi likibaki la jukwaani tu, watoto wanalijua kwa kulitazama, na mikono inayojua kulipanga inapungua.

Kwa hiyo fundi wa Kaloleni anayechukua tabaka za hando akazitia kwenye sketi ya kuvaa ofisini au kanisani anafanya kazi ile ile ya KikoRomeo, ila yeye hahitaji kwenda mbali kutafuta asili. Leso nayo iko hapo. Mombasa, Mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa likiuza leso tangu karne ya 19, zile zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Ukinunua doti moja ukaikata kwa akili, pindo likae chini na jina lisomeke mgongoni, umepata gauni ambalo robota la mitumba haliwezi kukupa. (Tafadhali soma jina kabla ya kukata. Kuna majina ya leso hayafai kuvaliwa mbele ya mama mkwe.)

Shida ni kwamba nguo ya namna hii haiwezi kushonwa kwa kubahatisha. Ikikataliwa, humpati mwingine mwenye kiuno kile kile.

Tuseme gauni ni shilingi 2,200. Kitambaa 900, zipu, uzi na bitana 250. Umeshatoa 1,150 mfukoni, na mteja alikuambia tu, "Anza, nitakutumia Ijumaa." Ijumaa ikapita, simu haishikwi. Faida ya gauni moja ni 1,050, maana yake gauni la mteja wa pili lote limekwenda kuziba shimo la mteja wa kwanza, na bado unadaiwa mia moja, mbali na siku zako mbili za kazi. Wateja watatu wa hivyo kwa mwezi, na kodi ya kibanda inakuwa hadithi.

Basi chukua arbuni kabla mkasi haujagusa kitambaa. Isipungue gharama ya vifaa. Kwa mfano huu, 1,200. Wala usione haya kuitaja, mteja wa kweli hakasiriki. Ipokee kwenye till namba ya biashara, si kwenye laini unayotumia kununua unga, ili mwisho wa mwezi taarifa yako ya miamala ikuonyeshe kilichoingia kwa kazi. Taarifa hiyo hiyo inaweza kukusaidia siku ukienda kuomba mkopo wa cherehani ya pili. Salio likimaliziwa, usitoe nguo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Subiri ya kwako iingie, halafu angalia salio, kwani meseji za kughushi ni nyingi hasa msimu wa Krismasi na Idd.

Na wewe unayeshonesha, mambo ni machache. Jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika lisome lote. Kama si la duka au la fundi unayemjua, simama, muulize. Meseji ya arbuni usiifute mpaka nguo iwe mwilini, hiyo ndiyo risiti yako. Kwa maduka ya mitandaoni usiyoyajua, lipa kidogo kwanza. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kabla aliyepokea hajazitoa. Dakika kumi za kusitasita zinaweza kukugharimu gauni zima.