Kifafa Baada ya Upasuaji wa Kichwa

Tukitembelea vikundi vya Kitale na Bungoma tunaulizwa: "Kijana alianguka na bodaboda, akapasuliwa kichwa kule Eldoret, akapona. Mbona sasa ana kifafa? Amerogwa?" Hapana, ndugu zetu.

CHANZO: Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mahali palipoumia au kupasuliwa hubaki kovu, na kovu laweza kuvuruga umeme huo. Damu iliyovuja, usaha au uvimbe pia huleta kifafa. Si wote waliopasuliwa hukipata, lakini chaweza kuanza baada ya miezi, hata miaka. Hakiambukizi, hata kwa povu.

DALILI: Wengine huanguka, hukakamaa, hutetemeka, hujiuma ulimi au kujikojolea. Zipo pia ndogo tunazozipuuza: mkono mmoja kuchezacheza wenyewe, kuduwaa bila kujibu, kusikia harufu isiyokuwepo.

LA KUFANYA: Ondoa vitu vya kumuumiza. Usimtie kijiko mdomoni. Mtikisiko ukiisha, mlaze kwa ubavu. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali.

Dawa zisikatwe ghafla, hata akiombewa na kujisikia mzima. Kifafa chaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Sala na dawa havigombani.

Tunachanga pesa za jeneza. Je, nauli ya kliniki yatushinda?

Swali la kujadili kikundini: Ni nani kijijini kwetu amefichwa nyumbani kwa sababu ya kifafa, na nani atakwenda kumwona wiki hii?