NGUVU INAYOCHELEWA
Namna ya kujifunza kuendesha motokari ya turbo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma



Majuma mawili yaliyopita, kabla ya kuzima taa, mabishano makubwa yalitokea katika bweni la wafinalisti. Mwenzetu mmoja ameahidiwa na mjomba wake kwamba akipata diploma atapewa ruhusa ya kuendesha motokari yake. Si motokari ya kuchezea. Ni gari ya Japani, moteri iko mbele, turbo iko ndani, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Wamoja walisema: "Mutuka ya nguvu inaua." Wengine wakajibu: "Hapana, shofere mujinga njo anaua." Sisi tuliopewa kazi ya kutunza utaratibu tulizima taa, lakini swali halikuzimika. Basi tulikwenda kwa mwalimu wetu wa fizike, tena kwa mzee shofere wa kamio anayeleta unga shuleni. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. TURBO NI NINI?

Moteri inapochoma mafuta, moshi unatoka kwa nguvu. Katika gari ya kawaida nguvu ile inapotea bure. Mnamo 1905 injinia wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi juu ya njia ya kuitumia: moshi unazungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo linazungusha gurudumu lingine ambalo linasukuma hewa ndani ya moteri. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa, na moteri ndogo inafanya kazi ya moteri kubwa. Makamio ya dizeli yanayopita mbele ya shule yetu, mengi yao yana turbo. Sauti ile ya filimbi unayoisikia yanapopanda mlima, ndiyo yenyewe.

Katika magari madogo ya esanse, turbo ilianza kuuzwa Amerika mwaka 1962. Huko Ulaya, BMW ilitoa gari yake 2002 turbo mwaka 1973, yenye nguvu za farasi 170. Kisha Porsche ya Ujerumani ilionyesha 911 Turbo huko Paris mwaka 1974, na kuanza kuiuza 1975: moteri ya litre 3, nguvu za farasi 260. Mwaka 1978 moteri ikawa ya litre 3,3 na farasi 300. Tumechagua gari hii kuwa mfano wetu, kwa maana ndiyo iliyofundisha watu wengi somo hili, na wengine walilipa ada kubwa mno.

Ada yenyewe ilitokana na nini? Turbo haiamki mara moja. Gurudumu lile dogo linangoja moshi wa kutosha. Katika Porsche ile ya kwanza, moteri ikizunguka chini ya mara 3.000 kwa dakika, ilikuwa kama gari ya mtu mpole. Ikipita pale, nguvu yote ilikuja kwa pamoja. Ninyi wa interna mnajua robine yetu ya nyuma ya jikoni. Unafungua kidogo, maji hayatoki. Unafungua tena, hayatoki. Unafungua kabisa, na mara hiyo yanakuja yote na kulowanisha shati lako. Shofere asiyejua turbo anafanya vile vile. Anakanyaga mafuta akiingia kona, haoni kitu, anakanyaga zaidi, na nguvu inafika katikati ya kona, fasi ambapo hakuitaka.

2. MPIRA UNA SAHANI MOJA TU YA BUGALI

Kwa nini katikati ya kona ni fasi mbaya? Mwalimu wetu alituambia tufikiri juu ya mpira wa gari. Fasi unapogusa barabara si kubwa kupita kiganja cha mkono kwa kadiri, na hapo ndipo penye urafiki wote wa gari na dunia. Mpira unafanya kazi tatu: kusukuma, kusimamisha na kupindisha. Lakini kwa kazi zote tatu uko na sahani moja tu ya bugali. Kona ikila sahani nzima, freni italala njaa, na kusukuma kutalala njaa pia. Ukilazimisha, mpira unaacha kushika na kuanza kuteleza.

Tena kona inakula sana kuliko tunavyofikiri. Chukua kona yenye nusu-kipenyo ya meta 50. Kanuni tumeisoma: mbio kwa mbio, gawa kwa nusu-kipenyo. Kwa kilometa 40 kwa saa, mpira unaombwa 2,5 hivi (meta kwa sekunde mraba). Kwa kilometa 60 unaombwa 5,6. Kwa kilometa 80 unaombwa 9,9. Mpira mzuri juu ya lami kavu unaweza kutoa karibu 8 au 9. Basi kwa 60 gari inapita na sahani imebaki na kitu. Kwa 80 haipiti, hata shofere awe hodari namna gani. Na mvua ikinyesha sahani inapungua sana, hata ile 60 inaweza kuwa nyingi. Ona vizuri: mbio imezidi mara mbili, lakini deni limezidi mara nne. Hesabu hii haisikilizi maombi wala majivuno.

3. KWA NINI MAGURUDUMU YA NYUMA?

Gari inayovutwa na magurudumu ya mbele, ukizidisha mafuta katika kona, pua yake inakwenda nje. Shofere anaogopa, anapunguza mafuta polepole, na mara nyingi pua inarudi. Gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukizidisha mafuta, ni mkia unaokwenda nje, na usipoushika mapema gari inageuka na kutazama kule ilikotoka.

Porsche iliongeza jambo lingine. Moteri yake imewekwa nyuma kabisa, ng'ambo ya magurudumu ya nyuma, hata karibu sehemu 6 kwa 10 za uzito zinakaa nyuma. Kwa kuondoka ni vizuri, kwa maana uzito unagandamiza mipira inayosukuma. Lakini shofere akiingia kona kwa mbio, akashtuka na kuondoa mguu ghafula, uzito unaruka mbele, mipira ya nyuma inakuwa mepesi, na mkia mzito unazunguka kama kichwa cha nyundo. Kwa hiyo watu wa Ulaya waliipa jina la huzuni: mfanya-wajane.

Basi tofauti ni hii. Katika gari ya mjomba, yenye moteri mbele, kosa kubwa ni kuzidisha mafuta. Katika Porsche ile, kuzidisha ni kosa, na kuachia kwa ghafula ni kosa pia. Katika zote mbili, dawa ni moja: maliza mambo makali kabla ya kona.

4. NAMNA YA KUJIFUNZA

a) Anza na gari isiyo na nguvu. Mguu unajifunza polepole kuliko kichwa. Mtu asiyeweza kuendesha gari dhaifu kwa ulaini, gari ya nguvu haitamfundisha.

b) Kabla ya kuwasha moteri, kaa vema. Mgongo ushike kiti, magoti yabaki yamekunjwa kidogo hata pedali ikikanyagwa mpaka chini, mikono miwili juu ya volani, mkanda umefungwa. Mtu anayelala katika kiti kama mgonjwa hawezi kusikia mkia ukianza kutoka.

c) Tazama mipira yote minne. Mpira uliokwisha meno, au uliozeeka na kupasuka-pasuka, au wenye hewa kidogo, unakupunguzia sahani kabla hujaondoka. Usitie mipira mizuri mbele na mibaya nyuma, kwa maana mkia utakuwa wa kwanza kuteleza.

d) Jifunzie katika uwanja mtupu uliofungwa, pamoja na mwalimu anayejua gari ile. Sehemu yenye maji ni nzuri zaidi: gari inateleza kwa mbio ndogo, hivi unasikia kosa bila kuumia. Barabara yenye watoto, wamama wenye mizigo na mapikipiki si darasa.

e) Katika kona, fuata utaratibu: freni wakati gari ingali imenyoka, halafu vitesi, halafu pinda, halafu ngoja. Mafuta ukanyage polepole tu wakati volani inaanza kurudi sawa. Wazia kamba kati ya volani na mguu wako: volani ikiwa imepinda sana, kamba inavuta mguu juu, volani ikinyoka, kamba inaachia mguu ushuke.

f) Jua turbo inaamka kwa mizunguko mingapi. Chagua vitesi mapema ili isiamke katikati ya kona. Wakati wa mvua tumia vitesi kubwa zaidi kidogo, ili nguvu ifike kwa upole.

g) Mkia ukitoka, tazama fasi unayotaka kwenda, usitazame mti. Pindisha volani upande ule mkia unakokwenda, upesi lakini bila hasira. Punguza mafuta kwa ulaini; usiruke juu ya freni. Gari ikianza kunyoka, rudisha volani mara moja, la sivyo mkia utakurusha upande wa pili, na mara ya pili ni kali kuliko ya kwanza.

h) Ikiwa gari imekwisha kukushinda na kuzunguka kabisa, miguu miwili chini: ambreyage na freni. Gari itasimama fasi fulani. Hapo umekwisha kuwa abiria kama wengine.

5. JE, MASHINE ZA KISASA HAZISAIDII?

Zinasaidia sana. Freni zisizofunga magurudumu, ABS, zilianza kuuzwa katika Mercedes kubwa mwaka 1978. Mwaka 1995 ikaja akili ya umeme, ESP, inayogusa freni ya gurudumu moja wakati mkia unaanza kutoka. Mwaka ule ule 1995 Porsche yenyewe iliipa 911 Turbo yake nguvu kwenye magurudumu yote manne na turbo mbili ndogo zinazoamka mapema. Lakini magari mengi ya Japani yanayofika kwetu yamekwisha kuzeeka, na mengi hayana ESP. Uliza kabla ya kutumaini. Na hata penye ESP, sahani ya bugali inabaki moja: mashine inagawa vizuri, haipiki nyingine.

6. NA SISI HAPA?

Mmoja atasema: "Porsche katika matope yetu ya nini?" Tulimwuliza mzee shofere, ambaye ameshuka mizingo ya Ngomo kwenye barabara ya Bukavu na Uvira mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Alicheka, akasema: "Batoto bangu, pikapu yenye haina muzigo njo ya kuogopa." Pikapu nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi. Matope yakiwa mengi, sahani ni ndogo. Shofere akikanyaga kwa haraka, mkia unakwenda kwenye bonde. Somo ni lile lile, bila turbo. Na baadhi yetu tutaendesha pikapu za hospitali, za kanisa na za wafanya-biashara kabla ya miaka mingi kupita.

Sasa turudi kwa mabishano ya bweni. Tunaona kwamba pande zote mbili zilikosa kidogo. Nguvu peke yake haiui: ikilala, gari imesimama. Wala si wajinga tu wanaokufa. Mwenzetu aliyeahidiwa gari ni wa kwanza katika hesabu, na kanuni ya kona aliikamilisha ubaoni mbele yetu sote. Lakini mguu wake haujasoma bado. Mtu mwenye akili na mguu usiosoma yuko katika hatari kubwa kuliko mtu mwoga, kwa maana anajua kwa nini gari itapita, na haoni fasi ambapo haitapita.

Tena kuko neno ambalo linatuhusu sisi wengine. Usiku ule ule wa mabishano, watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kuomba fasi katika gari ya mjomba. Sisi tunaoandika haya tulikuwa kati yao. Tulijiuliza: siku ile, tukiwa tumejazana nyuma, nani atasema "Pole pole"? Na nani atapiga kelele "Ongeza!"? Tunajuana. Wote tungesema "Ongeza", na yeye, kwa aibu ya kuonekana mwoga mbele ya wenzake, angeongeza. Basi mguu ule usingekuwa wake peke yake; ungekuwa wetu pia.

Kwa hiyo tumepatana naye mambo matatu. Kwanza, atapata peremi halali na kujizoeza kwanza katika gari dhaifu. Pili, mafunzo ya gari ya turbo yatafanyika katika uwanja mtupu, mjomba akiwa kando yake, bila abiria mwingine. Tatu, sisi kumi na mmoja tumefuta maombi yetu mpaka mjomba mwenyewe aseme kwamba mguu umehitimu. Amemwandikia mjomba barua. Jibu halijafika bado.

Katika ibada ya asubuhi tulikumbushwa barua ya Yakobo, sura ya 3, juu ya lijamu ndogo ya farasi na usukani mdogo wa meli kubwa. Yeye alisema juu ya ulimi. Sisi, wandugu, tunafikiri kwamba katika gari pia ni ulimi unaoanza, hasa ulimi wa yule anayekaa nyuma.

Masomo mema, na Mungu awalinde njiani wakati wa likizo.

Doyeni wa wanafunzi,
kwa niaba ya wafinalisti