Mvinyo haunenepeshi? Tufanye hesabu

UKIPITA jioni katika baa za Kabalagala au Wandegeya jijini Kampala, utaona kwamba bia na waragi vimepata mshindani. Mvinyo, ambao wengi wetu tuliuita divai na kuuona zaidi kanisani na harusini, sasa uko mezani. Wapo waliouzoea huko kyeyo, Ulaya na Marekani, wakarudi nao. Wapo pia wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula ambao, baada ya kutwa nzima ya kufunga mizigo Kikuubo, huagiza glasi moja kabla ya kwenda kulala gesti.

Pamoja na mvinyo imeingia imani kwamba bia ndiyo inayoleta kitambi, ila mvinyo haunenepeshi. Nimeisikia mara nyingi, nami nikaona heri nichukue kalamu na karatasi.

Nguvu tunayopata katika chakula hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4, na ya mafuta ina 9. Kilevi chenyewe kina kalori 7 kwa gramu, yaani kinakaribia mafuta. Kwa hiyo hata mvinyo usio na utamu wowote mdomoni una kalori zake.

Glasi ya mililita 150 ya mvinyo mkavu, wenye kilevi cha asilimia 13, ina kalori kama 120. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za namna hiyo, yaani kalori 600. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kalori kama 200. Waragi wa mililita 50 una kama 110, lakini ukiuchanganya na soda nzima ya mililita 300 umeongeza nyingine zaidi ya 120. Basi glasi moja ya mvinyo ni nafuu kuliko bia moja, lakini glasi mbili zimeshaipita. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuzimaliza hizo kalori 120, mtu mzima hutembea karibu nusu saa, kama kutoka Old Taxi Park hadi Wandegeya kwa miguu.

Pima, kisha soma lebo

Tatizo ni kwamba mkono wa mhudumu haupimi. Glasi kubwa ikijazwa huchukua mililita 250, na hapo umekunywa kalori 200 ukidhani ni "glasi moja tu". Nyumbani, jaza maji katika chupa ya soda ya mililita 300, kisha yagawe sawasawa katika glasi mbili. Alama yatakapofikia maji ndicho kipimo chako.

Dukani, tazama kwanza asilimia ya kilevi. Mvinyo wa asilimia 14 una kalori nyingi kuliko wa asilimia 11, vikiwa vikavu vyote. Ule mwekundu mtamu kutoka Afrika Kusini, unaopendwa sana hapa, mara nyingi una kilevi kidogo, lakini sukari yake hurudisha kalori zilizopungua. Usidanganywe na wepesi wake.

Mwenye kununua mvinyo wa Ulaya anaweza kupata msaada zaidi. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, mvinyo uliotengenezwa baada ya Desemba 8, 2023 na unaouzwa ndani ya umoja huo lazima uonyeshe kalori kwenye lebo, kwa kila mililita 100. Tafuta herufi E na namba iliyo mbele ya "kcal".

Tuangalie pia sahani. Konzi ndogo ya karanga, gramu 30, ina kalori kama 170, kuliko glasi yenyewe. Muchomo wenye mafuta na rolex ya usiku huzidi hapo. Isitoshe, mwili huchoma kilevi kwanza, na mafuta uliyokula yanasubiri zamu yake. Anayesubiri sana huwekwa ghalani, nalo ghala ni tumbo.

Usiruke chakula

Hapa ndipo penye hatari. Wapo wanaoacha chakula cha usiku ili "kutoa nafasi" kwa mvinyo. Ini likishughulika na kilevi hupunguza kazi yake ya kutengeneza sukari ya damu. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, tumbo likiwa tupu, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Gesti, peke yake, mbali na nyumbani, nani atajua kwamba hajalewa bali anaumwa? Mwenye dawa amuulize daktari kwanza. Na kama kalori zinazidi, apunguze glasi, asipunguze matooke, maharage na dodo.

Wala mvinyo usiitwe dawa ya moyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Asiyekunywa hana sababu ya kuanza.

Kwa anayekunywa, ushauri wangu ni mfupi: kula kwanza, mimina kwa kipimo, weka glasi ya maji katikati ya moja na nyingine, na siku nyingi za wiki pumzika kabisa. Mfanyabiashara hukagua mzigo wake kabla ya kuvuka mpaka. Mwili nao ni mtaji, na ukishapotea hakuna benki ya kuukopesha.