Mtoi Hasumbui ama Ni Mgonjwa? Hizi Ndizo Dalili CHP Hucheki Akikuja Kejani

Umeenda kuona mtoi wa sistako, ana siku nne tu. Amelala tangu asubuhi, halii, hata titi hataki. Shosho anasema, "Huyu ni mpole, hasumbui."

Hapo ndio wengi hujichanganya. Mtoi mchanga akigonjeka hawezi kukushow anaumwa wapi. Yeye hunyamaza tu, na hali yake inaweza kuharibika kwa masaa machache.

Ndio maana CHP, yule mhudumu wa afya ya jamii mwenye mkoba, akibisha kwa ploti, mfungulie. Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa vifaa kama kipima joto na mizani. Shirika la Afya Duniani linataka mtoi acheckiwe ndani ya masaa 24 ya kwanza, siku ya 3, na kati ya siku ya 7 na ya 14.

Rada yake ni hii:

Kunyonya. Mtoi aliyekuwa ananyonya fiti ameacha ama ananyonya kidogo sana.

Kupumua. CHP huhesabu dakika nzima mtoi akiwa ametulia, juu watoi hupumua haraka kidogo, halafu pole. Akifika 60 ama zaidi, anahesabu tena. Ikibaki hapo, ni hosi. Pia anaangalia kama kifua kinabonyea ndani sana akivuta pumzi.

Joto. 37.5 kwenda juu ni shida. Chini ya 35.5 pia ni shida, na hii ndio watu husahau. Mtoi baridi anaweza kuwa mgonjwa kuliko mwenye moto.

Mwili. Degedege, kutosonga mpaka aguswe, viganja na nyayo kuwa njano (angalia kwa mwanga wa mchana), ama kitovu chekundu chenye usaha.

Usingoje zifike tatu. Moja tu inatosha kumpeleka hosi, hata kama ni usiku na CHP hayuko.

Mkienda, mathe amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunike na kofia. Kama anaweza kunyonya, anyonye njiani. Maji ya sukari na dawa za jirani, zii.

So next time mtoi akilala sana, usimsifu kwanza. Mwamshe, apewe titi. Akikataa, itisha boda.