Tofauti na Hitilafu: Maneno Yaliyobadilishana Njia

Maneno huhama kama watu, na aliyehama huweza kubadili tabia. Tazama maneno mawili tunayoyatumia kila siku, tofauti na hitilafu. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na yote mawili yanahusu kutokuwa sawa. Lakini yalipofika kwetu kila moja lilishika njia ya mwenziwe, na hata leo jambo hilo linatuletea mashaka.

Lililonifanya niyachungue ni swali nililoulizwa Nyamache. Mji huo uko kwenye vilima vya Bobasi katika nchi ya Wakisii, mbali kabisa na upepo wa bahari. Watu wake ni wakulima wa chai na ndizi, na Kiswahili kwao ni lugha ya sokoni, shuleni na barazani. Baada ya mkutano mmoja wa hadhara, mzee niliyeketi naye alinigeukia.

"Ndugu yangu Mswahili, lugha hii ni yenu," alisema. "Mgeni wetu ametuhimiza tumalize tofauti zetu na majirani. Mimi Mkisii, jirani yangu Mmaasai. Mimi nalima, yeye anafuga. Tofauti hizo tutazimalizaje?"

Nikamjibu, "Mzee, alikusudia ugomvi."

"Basi kwa nini hakusema ugomvi?"

Waliokuwa karibu walicheka, lakini yeye hakucheka. Mpaka wa Wakisii na Wamaasai umeshuhudia mapigano zaidi ya mara moja, na watu wa huko wana sababu ya kupima kila neno linalotamkwa jukwaani.

Swali lake lataka jibu. Tuanze na tofauti. Waunguja, na wazee wengi wa pwani, husema tafauti. Ingawa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu vya shule vilikuja kuandika tofauti. Matamshi ya Waunguja ndiyo yaliyo karibu na asili yake, tafawut. Msomaji mwenye ada ya kusoma Tabaraka usiku hulipita neno hilo katika aya ya tatu, panapoelezwa kwamba katika uumbaji wa Mwenyezi Mungu haionekani tafawut. Maana yake hapo ni kasoro, au vitu kutolingana.

Sasa hitilafu. Asili yake ni ikhtilaf. Neno hilo limo katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, ambapo kuhitilafiana kwa lugha na rangi za wanadamu kumehesabiwa miongoni mwa ishara za Mungu. Hapo hapana kasoro yoyote. Wanavyuoni nao husema ikhtilafu za madhehebu bila ya kuwatoa watu katika dini, na kila Ramadhani ikikaribia sisi wenyewe huzungumzia ikhtilafu ya kuandama kwa mwezi.

Lakini mitaani mambo yamegeuka. Gari likizimika njiani, lina hitilafu. Umeme ukikatika, pametokea hitilafu. Hata mhalifu ametoka katika shina hilo hilo la Kiarabu, kwa maana ya mwenye kwenda kinyume. Kwa hiyo lile lililokuwa kasoro limekuwa tofauti tu, na lile lililokuwa ishara limekuwa kasoro. Hilo si kosa, kwani lugha inayopokea neno ina haki ya kulilea ipendavyo.

Tena Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya wingi wa namna. Tuna aina, jinsi na anuwai kutoka Kiarabu. Tuna mbali, neno letu la Kibantu, ambalo wazee hulitumia wakisema "hii mbali na ile mbali", yaani kila kimoja na chake. Likirudiwa huwa mbalimbali. Huko Nyamache nako, omonto ni mtu, abanto ni watu, na abanto bande ni watu wengine. Katika maneno yote hayo hamna hata moja lenye harufu ya vita.

Majani ya chai ya vilima hivyo yakishasagwa na kukaushwa huchekechwa, yakatoka gredi mbalimbali, na kila gredi hupata bei yake katika mnada wa Mombasa. Sijasikia mtu akisema kwamba chai hiyo imegombana.

Lililo jipya, na ndilo la kuangaliwa, ni kuifanya tofauti iwe jina la adabu la ugomvi. Magazetini tunasoma kwamba viongozi "wamezika tofauti zao". Kwa msomaji wa mjini hayo ni mapambo ya maneno tu. Kwa mtu wa mpakani, anayeambiwa kila mara kwamba lugha na mila zake ndizo tofauti, neno hilo humfikia kama amri ya kuacha kuwa alivyo. Na hali Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka dola ikuze na ilinde wingi wa lugha za wananchi. Haiwezekani kitu kile kile kilindwe na sheria, kisha kimalizwe jukwaani.

Basi waandishi, makhatibu na wenye kuhutubia mabarazani na waseme wanalolikusudia. Ugomvi uitwe ugomvi, ujulikane nani kamkosea nani, upate kusuluhishwa. Hitilafu ni ya kutengenezwa. Tofauti haikuomba kumalizwa.